'Gosh', 'bladifulu' na 'haki ya nani': Safari ya maneno katika Bonde la Ufa

JE, msomaji, umewahi kusimama ukingoni mwa Bonde la Ufa, pale ng'ambo ya Rironi ambapo wenye magari huegesha ili wapige picha na kununua ngozi za kondoo? Mbele yako ardhi inakatika ghafla. Chini kabisa unauona Mlima Longonot, wenye kimo cha mita 2,776, umeketi peke yake kama chungu kilichosahauliwa mafigani. Upepo unakupiga usoni, na kabla hujajua unachotaka kusema, kinywa kimekwisha kusema.

Hebu sikiliza wenzako uliosafiri nao. Mmoja atasema "Lo!" Mwingine, "Salaale!" Mama aliyekaa kiti cha nyuma atasema "Ngai!" Na binti yake anayesoma shule ya jijini atasema "Oh my gosh!" Hapana hata mmoja aliyetunga sentensi. Hata hivyo kila mmoja ameeleweka.

Maneno haya walimu wetu wa Kiswahili huyaita vihisishi. Mwanafunzi huyakariri kwa ajili ya mtihani: lo, ala, ebo, hamadi, kefule. Lakini mara chache tunajiuliza yalitoka wapi na yalikuwa na maana gani kabla ya kuwa kelele tu za mshangao. Leo ninakualika tufunge safari kutoka ukingo huu, tupite Mai Mahiu, Naivasha na Elmenteita, tuingie Nakuru na kumalizia Njoro. Mzigo wetu utakuwa vihisishi vya Kiingereza cha zamani.

Huenda ukauliza, kwa nini vihisishi vya Kiingereza vitafutwe huku wala si London? Sababu ni kwamba sehemu hii ya Bonde la Ufa ilikuwa kitovu cha zile nyanda zilizotengewa Wazungu wakati wa ukoloni. Hapa ndipo masetla walipolima, wakafuga, wakacheza na kufoka. Na hapa ndipo babu na nyanya zetu, waliokuwa wakiwakamulia ng'ombe na kuwapikia chai, waliposikia Kiingereza kwa mara ya kwanza. Hawakukisikia darasani. Walikisikia kikishangaa na kikikasirika.

KANISA DOGO LA MAI MAHIU

Teremka polepole, kwa maana mteremko huu ni mkali na malori ni mengi. Kando ya barabara, kabla hujafika Mai Mahiu, utaliona kanisa dogo sana la mawe. Lilijengwa mwaka 1942 na mateka wa Kiitaliano wa Vita vya Pili vya Dunia, wale wale waliotumwa kuichonga barabara hii unayoteremka. Wasafiri wengi hulipita bila kugeuza shingo. Simama dakika chache. Ndani hapatoshi hata harusi ndogo, lakini pana utulivu wa ajabu ukilinganisha na ngurumo za malori nje.

Kanisa hili linatupa somo letu la kwanza. Waingereza wa zamani, hasa akina mama wazee, walipenda kusema "Dear me!" walipoangusha kikombe au waliposikia habari mbaya. Ukiyatafsiri maneno hayo moja moja, hayana maana. "Mpendwa mimi" ni mshangao wa namna gani? Kwa hiyo watu wakatunga hadithi. Wakasema kwamba neno hilo lilitoka kwa Waitaliano, ambao husema "Dio mio", yaani "Mungu wangu", nao Waingereza wakalisikia vibaya.

Ni hadithi tamu, na ukisimama mbele ya kanisa la Waitaliano unatamani iwe kweli. Lakini watungaji wa kamusi wameichunguza na hawakupata ushahidi wowote wa kuithibitisha. Basi tuanze safari yetu kwa tahadhari hiyo, msomaji. Asili ya neno si ile inayopendeza zaidi masikioni. Asili ya neno ni ile yenye maandishi ya kuitetea.

JINA LILILOFICHWA

Ukifika Naivasha, bila shaka gari litasimama katika kile kituo cha barabarani ambacho wasafiri wote hukijua kwa jina la Delamere. Nunua maziwa ya mgando, nyoosha miguu, kisha tuendelee na somo letu. Hata jina la mji huu ni somo. Wamasai waliliita ziwa lile Enaiposha. Wazungu walipojaribu kulitamka, likawa Naivasha, na sasa hata sisi wenyewe twasema hivyo. Jina halikufa, lilivaa nguo nyingine.

Na hivyo ndivyo vilivyo vihisishi vingi vya Kiingereza. Ni majina yaliyovaa nguo nyingine, na jina lililo chini ya nguo hizo mara nyingi ni moja tu: jina la Mungu.

Chukua "gosh" ya yule binti wetu. Hiyo ni "God" iliyopindwa mwishoni, nayo ilianza kuandikwa katika karne ya 18. "Golly" ni ndugu yake. "Crikey" inalificha jina la Kristo. "Gee" ni mwanzo wa jina la Yesu kwa Kiingereza. "Blimey", iliyopendwa sana na watu wa kawaida wa London, ni ufupisho wa maneno mazito ya kujiapiza: Mungu na anipofushe. "Strewth" ni ukweli wa Mungu. "Drat", anayosema bibi kizee wa vitabuni akichomwa na sindano, asili yake ni kumwomba Mungu akiozeshe kitu hicho.

Ukirudi nyuma zaidi, enzi za Shakespeare, utakuta "zounds". Wanafunzi wa fasihi hulitamka neno hili wakicheka, kwa sababu lina mlio wa kuchekesha. Lakini maana yake ni vidonda vya Mungu, yaani majeraha ya Yesu msalabani. Na "gadzooks", ambayo leo hutumiwa katika katuni tu, hufasiriwa na wengi kuwa kulabu za Mungu, ndiyo misumari ile iliyopigwa mikononi mwake.

Kwa nini kujificha hivyo? Amri Kumi zinakataza kulitaja bure jina la Bwana Mungu, na Waingereza wa zamani waliiogopa amri hiyo. Lakini mtu akijikwaa gizani, ulimi hauna muda wa kusoma amri. Basi ulimi ukajifunza hila: uanze kulitaja jina, kisha ukwepe kabla ya kulimaliza, kama dereva wa matatu anayemwona askari mbele na kukata kona.

Wengine walikwepa kwa kuazima mungu wa jirani. Setla aliyesema "By Jove!" akiona simba alikuwa anaapa kwa Jupita, mungu mkuu wa Warumi wa kale. Jupita hakuwa tena na waumini wala mapadre wa kumtetea, kwa hiyo kulitaja jina lake hakukumletea mtu shida.

Usidhani hila hii ni ya Waingereza peke yao. Sikiliza vijana wa Naivasha na Nakuru wanavyoapa wanapotaka kuaminiwa: "Haki ya nani!" Nani ni nani? Jibu unalijua. Wazazi wetu waliapa "haki ya Mungu", na mtoto akithubutu kuapa hivyo hovyo hovyo alikemewa. Mtoto akalitoa jina la Mungu na mahali pake akaweka "nani". Wadogo wakafupisha zaidi, sasa wanasema "aki!" tu. Hakuna tofauti kati ya "gosh" na "haki ya nani". Ni hila moja katika lugha mbili.

Na yule mama wa pale ukingoni aliyesema "Ngai!" hakuficha kitu. Alimwita Mungu kwa jina lake. Jina hilo nalo lina safari yake: Wakikuyu, Wakamba na Wamasai wanalo pamoja, na Wamasai husema Enkai. Watu hawa wamewahi kupigana kwa ajili ya ng'ombe na malisho, lakini waliposhtuka, waliita jina moja.

MBWEHA WA ELMENTEITA

Baada ya Gilgil, barabara inapita Kikopey, ambapo moshi wa nyama choma utakuita hata kama umeshiba. Tazama kushoto. Lile ziwa jeupe ni Elmenteita, ambalo pamoja na Nakuru na Bogoria liliorodheshwa kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2011. Mashamba yanayolizunguka ni Soysambu, ardhi ya ukoo wa Delamere.

Delamere wa kwanza kuhamia Kenya, aliyefariki mwaka 1931, alikuwa Baron wa tatu wa ukoo wake. Jina lake hasa lilikuwa Hugh Cholmondeley. Usijaribu kulisoma kama lilivyoandikwa. Waingereza wenyewe hulitamka "Chamli". Basi, mwanafunzi, usivunjike moyo na tahajia ya Kiingereza. Hata wenye lugha hukwepa herufi nusu nzima.

Masetla wa mabonde haya walileta farasi na mbwa wa kuwinda, wakitaka kuwinda mbweha kama walivyofanya kwao. Shida ni kwamba yule mbweha mwekundu wa Ulaya hayuko hapa. Wakaamua kumkimbiza mbweha wetu wa Afrika badala yake. Kwa Kiingereza wanyama hao wana majina mawili tofauti. Kwetu sisi mbweha ni mbweha, na naamini kwa mnyama mwenyewe haikuwa na tofauti alikimbizwa kwa jina lipi.

Mwindaji aliyemwona mbweha wa kwanza alipiga ukelele: "Tally-ho!" Kelele hiyo si ya Kiingereza kwa asili. Ilitoka kwa wawindaji wa Ufaransa, waliokuwa wakisema "taïaut" kuwachochea mbwa. Kutoka misitu ya Ufaransa, ikapita mashamba ya Uingereza, ikafika hapa na kusikiwa na wachungaji wa Kimasai ambao, bila shaka, walishangaa kuona watu wazima wanakimbiza mnyama asiyeliwa.

Kabla hatujaondoka Elmenteita, nikuambie jambo moja litakalokushangaza. Mwaka 1907 alipita katika bonde hili, kwa gari la moshi, Naibu Waziri wa Makoloni wa Uingereza, kijana wa miaka thelathini na kitu aliyeitwa Winston Churchill. Miaka 10 baadaye, Septemba 1917, Churchill aliandikiwa barua na mzee mmoja wa jeshi la majini, Lord Fisher. Katika barua hiyo, mzee huyo mwenye umri wa miaka 76 aliandika herufi tatu: O.M.G. Kisha akafafanua kwamba maana yake ni "Oh! My God!" Hayo ndiyo maandishi ya kwanza yanayojulikana ya ufupisho huo.

Kwa hiyo, mzazi, ukimwona mwanao anaandika herufi hizo kwenye simu na ukadhani ni uhuni wa vijana wa leo, kumbuka kwamba ziliandikwa kwanza na mzee wa miaka 76.

HALOO, NAKURU

Sasa tunaingia Nakuru, iliyopandishwa hadhi kuwa jiji tarehe 1 Desemba 2021. Jina lake ni la Kimasai na husemwa kuwa linahusu vumbi. Wakazi wa zamani watakuambia kwamba upepo ulipovuma kutoka ziwani lilipokauka, jina hilo halikuhitaji maelezo. Siku hizi mambo yamegeuka: maji ya ziwa yamepanda tangu miaka ya mwanzo ya 2010, hata lango kuu la zamani la mbuga likamezwa na maji. Jina limebaki la vumbi, mahali pamekuwa pa maji. Maneno huishi kuliko mambo yaliyoyazaa.

Tembea katikati ya jiji, karibu na steni ya reli na soko. Utasikia neno moja likirudiwa kila hatua: "Haloo! Haloo! Wanisikia?" Kila mwenye simu analisema, tangu wakili hadi muuza sukumawiki. Je, unajua kwamba nalo lilikuwa kihisishi?

Zamani "hallo" na ndugu zake "hollo" na "halloa" zilikuwa kelele za kumwita mtu aliye mbali, au kuwahimiza mbwa wa mawindo. Hazikuwa salamu. Mtu hangesimama mbele ya rafiki yake na kumwambia "hello" kama anavyomwamkia sasa. Simu ndiyo iliyobadilisha mambo. Alexander Graham Bell, mwenye hataza ya simu, alitaka watu waanze mazungumzo kwa kusema "ahoy", mwito wa mabaharia. Thomas Edison, katika barua ya mwaka 1877, akapendekeza "hello". Edison akashinda, na ndiyo sababu leo muuza ndizi wa Nakuru anampigia wakala wake huko Kisii kwa mwito uliowahi kutumika kuwaita mbwa.

Na akimaliza husema "bai". Neno hilo nalo ni ganda la sala. "Goodbye" ni ufupisho wa maneno ya kale ya kumwombea anayeondoka kwamba Mungu awe naye. Yaani aliyekata simu sokoni amemwacha mwenzake mikononi mwa Mungu, na wote wawili hawana habari.

NENO LILILOBAKI SHAMBANI

Hadi hapa, msomaji, safari imekuwa ya kufurahisha. Lakini kuna neno moja ambalo nimelichelewesha makusudi. Kwa ajili yake, tuache barabara kuu na tushike ile ya Njoro, mwendo mfupi kutoka Nakuru, hadi kwenye kasri la Lord Egerton.

Kasri hilo ni la mawe na limekaa katika bustani ya miti mikubwa, kana kwamba limeng'olewa Uingereza na kupandwa huku. Maurice Egerton alianza kulijenga mwaka 1938, vita vikalisimamisha, likakamilika mwaka 1954. Aliishi humo kwa muda mfupi tu, kwa maana alifariki mwaka 1958. Ile shule ya kilimo aliyoianzisha mwaka 1939 kwa ajili ya vijana wa Kizungu ndiyo leo Chuo Kikuu cha Egerton, ambacho kilipata hadhi hiyo mwaka 1987 na kimefunza maelfu ya vijana wetu. Wageni wanaruhusiwa kulizuru kasri, na familia nyingi hufika wikendi zikiwa na vyakula vya kuandalia chini ya miti.

Ukiwa hapo, usitazame ngazi na vyumba peke yake. Waza pia juu ya waliobeba mawe. Mafundi na vibarua wa mashamba haya hawakurudi nyumbani na "by Jove" wala "good gracious". Waliorithi vihisishi vya adabu walikuwa wachache. Neno lililotoka kwenye mashamba, likaingia katika Kiswahili na kubaki hadi leo, ni "bladifulu".

Neno hilo ni mawili yaliyounganishwa: "bloody" na "fool". "Fool" ni mpumbavu, hilo liko wazi. "Bloody" ndilo lenye historia. Wapo wanaodai kwamba ni ufupisho wa kiapo cha kumtaja Bikira Maria, lakini watungaji wa kamusi wameikataa hadithi hiyo kama walivyoikataa ile ya "dear me". Ni neno la damu tu, lililotumika kutia nguvu usemi tangu karne ya 17. Baadaye likahesabiwa kuwa chafu sana. Mwaka 1914, mwigizaji mmoja alipolitamka jukwaani London katika mchezo wa Bernard Shaw uitwao Pygmalion, magazeti yalijaa kelele na watu wakajazana kwenda kusikia kwa masikio yao.

Sasa pima jambo hili. Katika jiji la London neno hilo likitamkwa mara moja kwenye mchezo linakuwa habari ya nchi nzima. Katika miaka hiyo hiyo masetla walikuwa wakizidi kuja Bonde la Ufa, na mwaka 1919 wakaongezwa wanajeshi waliotoka vitani na kupewa mashamba. Huku neno lile lile lilirushiwa watu wazima, wenye wake na watoto, na halikuwa habari.

SHERIA TATU ZA ULIMI

Hapa ndipo ninapotaka tutue mzigo wetu. Katika historia hii ya vihisishi na matusi zimo sheria tatu, na kila moja yatuonyesha aliyeitunga alimheshimu nani.

Sheria ya kwanza ni ya mwaka 1606. Bunge la Uingereza lilipiga marufuku kulitaja kwa mzaha jina la Mungu, la Yesu au la Roho Mtakatifu katika michezo ya kuigiza. Faini ilikuwa pauni 10, na nusu yake alipewa mshtaki. Ukitaka kuona nguvu ya sheria hiyo, linganisha matoleo mawili ya Othello ya Shakespeare. Lile la mwaka 1622 lina "zounds". Katika lile la mwaka 1623 viapo hivyo vimefutwa. Mwaka 1745 ikatungwa sheria nyingine ya viapo iliyotoza faini kwa tabaka: kibarua, askari na baharia wa kawaida shilingi 1, aliyewazidi kidogo shilingi 2, bwana mkubwa shilingi 5. Sheria hizo zililinda jina la Mungu.

Sheria ya pili ilitungwa hapa kwetu. Ni ile Sheria ya Mabwana na Watumishi ya mwaka 1906, ambayo iliandikwa upya mwaka 1910. Kwa mujibu wake, mfanyakazi aliyemtolea mwajiri wake lugha ya matusi alikuwa ametenda kosa la jinai. Angeweza kupelekwa mbele ya hakimu na kuadhibiwa kama mtu aliyetoroka kazini au aliyelewa saa za kazi. Ndiyo kusema kwamba bwana akimwita mtu "bladifulu", ilikuwa ni hasira za asubuhi. Mtu huyo akilirudisha neno lilikotoka, ilikuwa ni kesi. Sheria hiyo ililinda jina la bwana.

Sheria ya tatu ni ya mwaka 2008. Wengi wenu mnakumbuka Januari ya mwaka huo, ghasia zilizofuata uchaguzi zilipoingia Nakuru na Naivasha, jirani akamgeukia jirani. Ghasia hizo zilitanguliwa na maneno. Watu waliitwa majina kabla ya kufukuzwa. Mwaka huo huo Bunge letu likapitisha Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa, inayosema kwamba anayetoa matamshi ya chuki za kikabila anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi milioni 1, au kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili. Sheria hii inalinda jina la jirani yako.

Waingereza wa zamani walijua kwamba neno linaweza kumkosea Mungu, wakajifunza kusema "gosh" na "golly" ili wasimkosee. Hilo lilikuwa jambo jema. Lakini wajukuu wao walipofika Njoro, wengi walikuwa na neno la adabu kwa ajili ya mbinguni na hawakuwa nalo kwa ajili ya mtu aliyesimama mbele yao na ndoo ya maziwa. Walimficha Mungu ulimini ili wasimtusi, kisha wakamtusi aliyeumbwa naye.

Na sisi je? Wahenga walisema kuwa ulimi hauna mfupa. Tunamkemea mtoto anayeapa kwa jina la Mungu, na twafanya vyema. Lakini mtoto huyo huyo akimwita mwenzake jina la kabila kwa dharau, mara ngapi tunacheka? Kondakta akimwita mzee "bladifulu" steji, nani kati yetu hukemea?

UKIRUDI NYUMBANI

Kwa hiyo, mzazi, mwanao akisema "gosh" usimchape, wala usidhani kwamba amekuwa msomi. Mweleze kwamba amemtaja Mungu nusu. Mwanafunzi, ukikutana na "zounds" au "by Jove" kitabuni, usilipite kama kelele tupu. Lipekue kama uonavyo watu wakipekua udongo wa kilima cha Hyrax, pale Nakuru, wakitafuta vyombo vya waliotutangulia. Ukitaka kuandika insha ya Kiswahili, usiazime mshangao wa setla. "Lo" na "salaale" hazijachoka.

Na kama katika ukoo wenu yupo mzee aliyewahi kufanya kazi katika mashamba haya, au mwana wa aliyefanya, mkalishe chini Jumapili hii, mmiminie chai, umwulize: Mzee, Mzungu wenu alipokasirika alisemaje? Na ninyi mlimjibu nini?

Swali la kwanza atalijibu upesi, pengine kwa kicheko, na kwa sauti ya Mzungu mwenyewe. La pili litamchukua muda. Mngojee.